Neno Nililomfundisha Laobani

Siku yangu ya kwanza katika hoteli ya Mchina pale Mtito Andei ilianza kwa kusimama. Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikiwa na aproni yangu mwenyewe, ile niliyokuwa nikivaa katika jiko la shule ya bweni huko Nuu, ambako niliwapikia wanafunzi muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe kwa miaka mingi mpaka shule ikabadilisha wapishi. Nilitarajia kuonyeshwa jiko. Badala yake niliambiwa niingie kwenye mstari pamoja na watu kumi na mmoja, kati ya kaunta na meza ya kwanza, tukitazama ukuta.

Ukuta huo ulikuwa na maandishi mekundu ya Kichina, na chini yake mistari minne ya Kiswahili iliyoandikwa kwa mkono wa mtu asiyekimbia. Wa kwanza ulisema: Aliyekosa aseme kwanza. Wa pili: Mdogo apakuliwe kwanza. Wa tatu: Usimwaibishe mwenzako mbele ya mgeni. Wa nne: Mikono mitupu ina kazi kwa mwenzako. Nilisoma nikadhani ni vitu vya kupamba ukuta, kama kalenda ya duka.

Ndipo akaingia mwenye hoteli. Alikuwa mwanamume mfupi, wa miaka hamsini hivi, amevaa malapa na shati lililopigwa pasi vizuri sana. Alikuja nchini kuwapikia wajenzi wa reli mpya, na reli ilipokwisha akabaki. Wenzake walimwita laoban, neno lao la mwenye biashara. Sisi tuliongeza irabu mwishoni tukamwita Laobani, naye akaitika. Kando yake alisimama mkalimani, kijana wa hapo hapo Mtito aliyejifunza Kichina kambini kwa wajenzi.

Laobani alianza yeye. "Jana nilikosa," mkalimani akatafsiri. "Nilimfokea mtu wa mboga mbele ya wageni. Baadaye nikaona mboga zilikuwa nzuri. Leo akija nitamwambia." Kisha akamtazama aliye karibu naye.

Mstari ukaendelea. Mmoja alikuwa ameacha friji wazi. Mwingine alipeleka supu bila kijiko. Mwingine alimjibu mgeni vibaya. Hakuna aliyekaripiwa. Kwa kila mmoja Laobani aliuliza swali moja tu: "Leo utafanyaje?" Mtu akijibu, basi, limekwisha. Wakanifikia.

"Mimi ni mgeni," nikasema. "Sina kosa."

Mkalimani alitafsiri, akasikiliza jibu, akatabasamu. "Anasema hakuna shida. Kesho tutakungoja."

Mstari mzima ulicheka, nami nikacheka nao, lakini moyoni nilikuwa nimefunga mlango. Kila nilikofanya kazi kabla ya hapo, aliyekubali kosa ndiye aliyepatikana nalo, na aliyenyamaza alirudi nyumbani salama. Niliuona mstari ule kuwa mtego wenye adabu.

Nilikaa kimya majuma mawili. Kosa langu la kwanza ndilo lililonifungua mdomo, kwa sababu lilikuwa kubwa mno kufichika. Nilipewa wali nipike, sufuria nzima, nami nikautia chumvi na mafuta. Kwetu wali usio na chumvi ni wa mgonjwa. Kwao wali hautiwi kitu, maana ndio unaobeba ladha ya mchuzi. Kesho yake mstarini nikasema, "Ni mimi niliyetia chumvi."

"Leo utafanyaje?"

"Leo sitatia."

Baadaye mkalimani aliniambia kuwa Laobani alikula mabakuli mawili ya wali ule, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu afike Kenya.

Nieleze kazi yenyewe, maana nyinyi mnaoingia hotelini sasa mmekuta mashine za kuchapa oda. Sisi tulikuwa na karatasi na kalamu. Chumba cha wageni kiligawanywa katika vituo, yaani meza nne au tano ambazo weita mmoja anazisimamia. Kati ya chumba na jiko kulikuwa na pasi, ile kaunta nyembamba ambako karatasi inaingia na sahani inatoka. Mpishi mkuu tulimwita Shifu, kama walivyomwita wao, maana yake fundi aliyekomaa. Shifu hakusoma Kiswahili, nasi hatukusoma Kichina, kwa hiyo lugha ya pasi ilikuwa nambari. Kila chakula kilikuwa na nambari yake. Mgeni akitaka kitu fulani kisitiwe, uliandika nambari ya kitu hicho pembeni ukaizungushia duara. Duara ndilo lilikuwa neno "bila". Karatasi ikishatumika, Shifu aliichoma kwenye msumari uliosimama juu ya kibao, na siku ilipokwisha msumari ule ulikuwa ushahidi wa kila kilichopikwa.

Mstari wa pili wa ukutani, ule wa mdogo apakuliwe kwanza, ulileta shida kuliko yote. Saa nne na nusu, kabla wageni hawajaanza kuja, tulikula chakula cha nyumba, yaani chakula cha wafanyakazi, mezani kwa wageni, kwenye meza ile ya duara yenye kioo kinachozunguka. Laobani mwenyewe ndiye aliyepakua. Alianza na aliyekuwa mdogo kwa umri, akapanda, yeye akawa wa mwisho. Mlinzi wetu, Mzee Nzioka, alikataa kula siku nne.

"Mimi nikule baada ya hawa watoto?" aliniuliza langoni. "Kwani nimekosea nani?"

Siku ya tano aliingia kuchukua maji, akamkuta Laobani anakwangua ukoko chini ya sufuria, maana wali ulikuwa umekwisha. Mzee Nzioka alisimama na kikombe chake, akatazama mpaka Laobani akamaliza. Kesho yake alikuja mezani. "Kama tajiri anakula ukoko," alisema akivuta kiti, "mimi ni nani nikatae nyama?"

Mimi nilikuwa mkubwa kuliko wanawake wote pale, na kila weita aliniita mwaitu, kama mtu wa kwetu anavyomwita mama yake au mama yeyote anayemheshimu. Laobani alisikia mwaitu huku, mwaitu kule. Beji za kazi zilipoletwa, yangu ilikuwa imeandikwa MWAITU. Nilitaka kumwambia kuwa jina langu ni Syombua. Vijana wakanisihi ninyamaze.

"Iache tu, mwaitu," alisema Mutuku, weita wa meza za dirishani. "Bosi akikuita mama, kuna shida gani? Labda utarithi hoteli."

Basi nikaivaa.

Mwezi wangu wa tatu, mafuta ya moto yalimrukia Shifu mkononi. Aliweka mkono chini ya mfereji, na kila aliyepita alimwambia, "Pole, Shifu." Mwosha vyombo alisema pole. Weita watatu walisema pole. Mimi nilisema pole. Mzee Nzioka alitoka langoni akaja kusema pole. Shifu akachukua simu yake kwa ule mkono mzima, akalitafuta neno hilo, na simu ikampa Kichina cha mtu anayeomba msamaha. Akatutazama mmoja mmoja kwa muda mrefu.

Kesho yake Laobani alisimama mstarini na daftari lake dogo, lile alilokuwa akiandikia maneno ya Kiswahili.

"Jana watu sita walimwambia Shifu pole," mkalimani alisema, akijikaza asicheke. "Watu sita wamekubali kosa, na hilo ni vizuri. Lakini anataka kujua mlimwagaje mafuta nyote pamoja."

"Mimi nilishika karai," alisema Mutuku. "Mzee Nzioka ndiye alipanga mambo."

"Mimi nilikuwa kwa gate," Mzee Nzioka akasema. "Usinitie kwa kesi."

Laobani hakucheka, maana hakuelewa, nami nikaona anaaibika. Nikatoka mbele. Nikamweleza kuwa pole si kukubali kosa. Ukijikwaa barabarani, mtu usiyemjua atakuambia pole. Hakukusukuma. Anakusaidia tu kuubeba uchungu. Aliyekusukuma ndiye anayesema samahani.

"Kwa hiyo anayesema pole hana kosa?" Laobani aliuliza.

"Hana," nikasema.

"Kabisa?"

"Kabisa."

Aliandika, akapiga mstari chini ya alichoandika. Siku hiyo nilijiona mwalimu. Hata Shifu, alipoambiwa pole tena, alijibu asante.

Nilikaa Mtito Andei miaka mitatu. Madereva wa malori, ambao mwanzoni walisema hawawezi kula vitu vya nyoka, walifikia mahali pa kuagiza kwa nambari, "Niletee ishirini na tatu, na chapati kama iko." Chapati haikuwapo. Laobani alimtuma Shifu akajifunze kwa mama wa kibanda jirani, na Shifu akarudi mstarini kesho yake kukiri kwamba yake ya kwanza ilikuwa ngumu kama ngozi. Yule mama alialikwa kula chakula cha nyumba. Hivyo ndivyo mtu yule alivyofanya mambo. Hakutusomea hotuba ya heshima hata siku moja. Alipakua wali.

Alipofungua tawi mjini Wote alinipeleka huko kuwa kepteni, yaani mkuu wa maweita. Kepteni anampokea mgeni mlangoni, anaandika mwenyewe oda ya meza kubwa, na anaitazama sahani pale kwenye pasi kabla haijaenda mezani. Shifu alikuja nami. Laobani alibaki Mtito na kutujia mara kwa mara bila kusema siku. Kwa wakati huo Kiswahili chake kilikuwa kizuri, kifupi, hakina mapambo.

Kati ya weita niliowaajiri Wote alikuwapo Kalunde, msichana wa Tseikuru. Ng'ombe wa baba yake walikuwa wamekufa kwa ukame, na kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimweka mdogo wake shuleni. Alikuwa mwepesi, msikivu, na alikuwa na tabia ya kunyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja hata kama kimenyooka. Nilimfundisha mwenyewe. Aliniita mwaitu kama wengine, lakini yeye alilitamka kwa sauti ya chini, kama mtoto wa nyumbani.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, adhuhuri. Wanawake wanane wa kanisa moja walikuja kumpongeza mwenzao, Mwalimu Ndunge, aliyekuwa amestaafu ualimu. Waliketi kwenye meza ya duara, wakakizungusha kioo na kucheka. Nilichukua oda mwenyewe. Mwalimu Ndunge alitaka kuku wa pilipili, nambari ishirini na tatu, ambaye Shifu humtia karanga zilizopondwa.

"Lakini mimi karanga sigusi," aliniambia. "Nikila, koo inafura. Usisahau, mwaitu."

"Nimesikia, mwaitu. Naandika."

Niliandika ishirini na tatu. Nikaandika pembeni nambari ya karanga. Kalamu ilikuwa hewani ili nizungushe duara, nikaona kupitia dirishani pikapu ya Laobani inaingia uwanjani. Nilikuwa nimeweka mapazia mapya wiki hiyo, na nilitaka sana niwe mlangoni atakapoyaona. Nikachana karatasi, nikaiweka kwenye pasi, nikaenda. Nambari ya karanga bila duara, katika lugha ya pasi, maana yake ni kuongeza.

Sahani ilipotoka mimi sikuwa kwenye pasi. Nilikuwa naonyesha mapazia. Kalunde aliichukua, akaipeleka mezani.

Karanga zilizopondwa hazionekani ndani ya mchuzi. Mwalimu Ndunge alikula vijiko vitatu. Midomo ikamfura, sauti ikakatika, akawa anavuta pumzi kama mtu anayepanda kilima. Kalunde ndiye aliyemshika kwanza. Tulimbeba hadi kwenye pikapu ya Laobani, na hospitali haikuwa mbali. Nilimshika mkono njia yote kutoka mezani hadi garini, nikimwambia, "Pole, mwaitu. Pole sana, mwaitu." Laobani alikuwa nyuma yangu, ameshikilia mlango. Alisikia.

Alasiri ikaja habari kuwa amechomwa sindano, anapumua vizuri, amelala. Nilimshukuru Mungu nikiwa nimeegemea friji. Kisha nikaenda kwenye msumari. Karatasi ilikuwa pale, mwandiko wangu, nambari mbili, bila duara. Niliikunja mara nne nikaitia mfukoni mwa aproni. Nimeulizwa baadaye nilikuwa nafikiri nini. Sikuwa nafikiri. Mkono ulifanya kile ulichozoea kufanya kabla ya Mtito Andei.

Asubuhi mstarini Laobani hakuanza na kosa lake. Alituambia mgeni yuko hai, na atarudi nyumbani siku ile. Kisha akauliza, "Nani?"

Shifu akasema alipika kama karatasi ilivyosema. Karatasi ilitaka karanga nyingi. Lakini leo karatasi haipo kwenye msumari.

Kalunde akajitokeza. "Mimi nilibeba sahani," akasema. "Sikuuliza ndani kuna nini."

"Nani aliandika?" Laobani akamuuliza.

Kulikuwa na siku ambazo Kalunde alinisaidia kuandika, nikizidiwa na wageni. Hiyo haikuwa mojawapo, na yeye alijua. Alinitazama mara moja, akainamisha macho. "Sikumbuki vizuri," akasema.

Nilisubiri Laobani anigeukie mimi. Hakunigeukia. Alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma kitu alichohakikisha, "Mwaitu alimwambia mgeni pole. Nilisikia mara nyingi. Anayesema pole hana kosa." Kisha akamgeukia tena Kalunde. "Kukosa ni kila siku. Mimi nakosa kila siku. Lakini karatasi haina miguu. Mtu ameificha, na anayeficha haongei tena hapa, anaenda nyumbani. Nakupa mpaka chakula. Ilete."

Kalunde alitikisa kichwa kuitikia, kana kwamba alikuwa na karatasi ya kuleta.

Kuanzia saa moja hadi saa nne na nusu ni muda mrefu mtu akiwa na karatasi mfukoni. Kalunde alipanga meza zake zote. Nilimwona akinyoosha vitambaa kwa kiganja, kimoja baada ya kingine, kisha akaenda kwenye kabati la nyuma na kuanza kukunja nguo zake kwenye mfuko wa plastiki. Nilimfuata.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Kusema nini, mwaitu?"

"Unajua."

Aliendelea kukunja. "Mimi ni mdogo, nitapata kazi ingine," akasema. "Wewe wakikufukuza na umri huu, utaenda wapi?" Hakuwa na uchungu katika sauti yake. Alikuwa amepiga hesabu tu, na katika hesabu hiyo mimi nilikuwa mama yake na yeye ni mtu wa kulipa.

Tuliketi kula. Laobani akapakua, akianzia kwa Kalunde, aliyekuwa mdogo kuliko wote. Kijiko kikapanda umri wa kila mtu mpaka kikanifikia. Alininyooshea bakuli. Sikulipokea. Nilisimama, nikaitoa karatasi, nikaikunjua juu ya kioo. Mtu mmoja alikuwa amegusa kioo, hivyo karatasi ikazunguka polepole, ikapita mbele ya kila mmoja, ikafika kwake.

"Laobani," nikasema, "juzi nilisema pole. Nilipaswa kusema samahani."

Alisahihisha kwanza siku. "Jana," akasema. Kisha akaweka bakuli chini, akatoa lile daftari, la zamani, jalada limekwisha, akafungua kurasa mpaka akapata. "Uliniambia kabisa."

"Nilikuambia kabisa."

"Na jana ulijua?"

"Mgeni alipokuwa akibebwa sikujua. Alasiri nilijua, na leo asubuhi nilijua."

Akamgeukia Kalunde. "Na wewe ulijua nani aliandika. Mbona hukusema?"

"Ningesemaje?" Kalunde akasema. "Ni mwaitu."

Laobani alilifunga daftari. Wali ulikuwa unapoa na hakuna aliyegusa wake. Mwishowe akasema, "Sheria yangu inasema aliyeficha anaenda. Lakini nilitoa muda mpaka chakula." Akatazama bakuli langu, ambalo bado lilikuwa mbele yake na halijafika kwangu. "Chakula chako bado. Umechelewa sana, lakini umefika."

Akanipa bakuli. Kisha akanipokonya kalamu ya kepteni mfukoni, akampa Kalunde, nami nikaenda kwenye sinki kuosha vyombo mwezi mzima. "Leo utafanyaje?" aliniuliza kabla ya kuanza kula.

"Leo nitaenda kwa Mwalimu Ndunge."

Tulikwenda wawili, mimi na Laobani. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha uani, shuka mabegani. Nilimwambia yote, kalamu, pikapu, mapazia, karatasi. Nikasema, "Samahani, mwaitu. Ni mimi." Alisikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi, mpaka mwisho, bila kunisaidia.

"Pole zako nilizisikia jana," akasema. "Nilikuwa siwezi kupumua, lakini masikio yalikuwa mazima. Nikajiuliza, huyu niliyemwambia kwa mdomo wangu, mbona ananipa pole kama jirani?" Akajifunika shuka vizuri. "Hii nyingine ndiyo nilikuwa nangoja. Sasa semeni mtakunywa chai ama hapana."

Asubuhi iliyofuata Laobani alianza mstari kama kawaida. "Jana nilikosa," akasema. "Nilitafuta kosa kwa mdogo kwa sababu ndiye alikuwa karibu na sahani. Sikumuuliza mkubwa, kwa sababu ni mkubwa. Leo nitauliza kuanzia juu." Wiki hiyo fundi alikuja na rangi akaongeza mstari wa tano ukutani: Pole si samahani. Na tangu hapo chakula chenye duara kilibebwa na aliyekiandika, si mtu mwingine. Karatasi na sahani mkono mmoja. Sijaona ajali ya namna ile tena katika matawi yote.

Nilirudishiwa ukepteni baada ya miezi kadhaa, lakini si Wote. Wote ilikuwa ya Kalunde, naye aliiweza kuliko mimi. Nilipelekwa Kitui mjini, tawi la tatu, kufundisha wafanyakazi wapya. Huko mkubwa wangu alikuwa Meneja wa Tawi, Mkamba mwenzetu aliyesomea kazi ya hoteli chuoni Nairobi. Alikuja na mafaili na saa kubwa mkononi. Aliona mstari wa asubuhi kuwa kupoteza wakati.

"Mama, hawa watu tunawalipa wafanye kazi, hatuwalipi waungame," aliniambia.

Sikubishana naye. Kila asubuhi niliusimamisha mstari, yeye akipita nyuma yetu kwenda ofisini. Siku moja aliweka nafasi ya meza moja kwa makundi mawili, harusi na familia ya Waislamu wa mjini waliokuja kufuturu, wakafika pamoja. Tuliwapanga tukaweza. Kesho yake mstari ulipoanza alisimama mwishoni, akajikohoza, akasema kosa lake akitazama ukuta. Weita mdogo kuliko wote ndiye aliyemuuliza, kwa heshima, "Leo utafanyaje, bosi?" Toka siku hiyo hakukosa mstari.

Nilistaafu magoti yalipokataa ngazi. Laobani alikuja Kitui, akapakua chakula cha nyumba mwenyewe. Mara hiyo Kalunde alikuwa amesafiri kutoka Wote, na aliketi katikati, maana kulikuwa na wadogo wengi kumpita. Nilipovua beji niirudishe, Laobani alikataa kuipokea.

"Nilidhani ni jina lako," alisema.

"Ninajua."

"Siku ile Kalunde aliposema 'ni mwaitu', nilidhani anataja jina. Jioni nikampigia mkalimani simu, nikamuuliza mbona mtu akubali kupoteza kazi kwa sababu ya jina. Akaniambia maana yake." Akaigeuza beji mkononi. "Nilikuwa nimekupa wiki moja ya sinki. Baada ya simu nikafanya mwezi."

Mezani watu walicheka mpaka Kalunde akajifuta macho. Mimi pia nilicheka, lakini nililisikia vizuri lile alilosema. Jina la mama nililivaa kifuani miaka yote, na siku moja tu liliponidai kitu, nilichelewa mpaka chakula.

Sasa niko Nuu. Nina mbuzi tisa na shamba la kunde, na magoti yanavumilia maadamu sipandi kitu. Vijana wanaotaka kazi za hoteli hunijia kuniuliza wafanyeje. Huwaeleza vituo, pasi, namna ya kubeba sahani tatu. Kisha huwaambia wachunguze, siku ya kwanza, bosi anakula lini, na anayeanza kukiri ni nani. Hayo mawili yatawaambia kama wakae.

Mwezi uliopita niliacha lango la zizi wazi. Mbuzi wangu waliingia kwa jirani yangu, Mama Mwikali, wakamaliza kunde zake mistari minne kabla hajaamka. Nilikwenda kwake asubuhi ile ile. Alikuwa amesimama katikati ya vishina, mikono kiunoni. Neno lile jingine lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, tamu, linalofaa kila mahali. Nikalimeza.

"Samahani, Mama Mwikali," nikasema. "Ni mimi niliyeacha lango wazi. Nusu ya kunde zangu ni zako msimu huu."

Alinitazama kwa muda, kama mtu aliyejiandaa kwa ugomvi na sasa hajui auweke wapi. Kisha akayaangalia magoti yangu, akaiangalia njia niliyoipanda kufika kwake, akanivutia gogo nikae.

"Pole, mwaitu," akaniambia.